Naam ya Mwito wa Tatu

Mkunazini, Unguja
11 Machi 1970

Kwa ndugu yangu Mwanakheir, huko Tanga,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila mimi meno ya mbele yamenihama tangu ulipoyaona mara ya mwisho, na tumbo limekuja kukaa mahali pao. Wifi yako Biasha anakusalimu sana. Anasema ukikutana na mchele mzuri huko umpe salamu zake, maana hawajaonana siku nyingi. Shemeji Masoud mwambie mpira wa mwaka huu hauna mtu wa kubishana nao. Watoto uwabusu.

Ama lililonikalisha chini kuandika ni hili. Nimepewa kazi, na tangu nianze ufundi wa simu sijapata kuogopa kazi kama hii. Yamekuja masanduku kutoka ng'ambo, ya kengele za kuzuia wizi. Sanduku linafungwa bohari ya dawa, kisha waya wa simu unalichukua neno lake mpaka kituo cha polisi. Mzungu aliyekuja nayo kaondoka kwao kabla misumari haijang'olewa, na kitabu chake ni Kijerumani. Mkuu wangu wa kazi kanikabidhi kwa heshima kubwa: "Miraji, wewe ndiye mtu wa vitabu." Basi nimekisoma. Picha zote.

Nilivyofahamu mimi, kengele ni za namna mbili. Iko ya kitufe: unabonyeza, inalia. Hiyo ni ya mtu mwenye mkono mzima na nia ya kubonyeza. Na iko ya waya unaopita umeme saa zote. Mlango ukifungwa, vibati viwili vinagusana, umeme unapita, na kule kituoni taa ndogo inawaka, maana yake salama. Mlango ukifunguliwa, au mwizi akiukata waya, taa inazimika na kengele inalia. Hii haingoji mtu aite. Kukatika kwake ndiko kuita kwake.

Nikaona nijifundishe kwanza kwa Mama. Si unajua nyumba yake na yangu zinavyotazamana, ukinyoosha mkono dirishani unapokea chumvi. Nikamvushia waya juu ya uchochoro, nikamwekea kitufe ubavuni mwa kitanda. Kakitazama kama nimemletea konokono.

"Hiki cha nini?"

"Ukiwa na haja, Mama, ubonyeze. Kengele italia kwangu."

"Nikiwa na haja nitakuita. Sikukuzaa nikakupa jina ili nikubonyeze."

Sasa kakitundikia tasbihi.

Umeuliza hali yake. Hajambo. Anakusalimu.

Ndugu yako,
Miraji


Tanga
20 Aprili 1970

Kaka Miraji, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Gundi yake si ile uliyotia wewe, lakini hayo tuyaache. Masoud kikohozi kimempungua, na karakana ya reli wamemrudisha kazi ya mchana. Hija anasoma vizuri, ila hesabu anazikimbia kama mjomba wake alivyozikimbia. Shemsa sasa anasema kila kitu. Jana kaniuliza bibi yake ana sauti gani. Nikajaribu kumwigia, nikashindwa, nikatoka nje kuanua nguo zilizokuwa bado hazijakauka.

Kaka, nataka kuja kumwona Mama. Nimekwenda kuuliza. Nimeambiwa kuingia nitaingia, lakini kwa kuwa niliondoka mwaka ule bila ya karatasi, mambo mengine nitaulizwa huko huko. Nikasema, na kutoka tena? Yule bwana akaanza kutafuta kalamu yake. Nikizuiwa huko, wanangu nimemwachia nani? Basi nimejizuia mwenyewe, na nitaendelea kujizuia muda wote Mama yu mzima. Akiwa si mzima, nakuja, liwalo na liwe.

Tatizo langu ni wewe. Mkono ulipomvunjika uliniandikia "Mama hajambo," nikaja kusikia kwa muuza vitambaa. Kaka, usinikasirikie: barua zako ni ile kengele ya kitufe. Inalia ukitaka wewe. Mimi nipe ule waya mwengine.

Mama anajua hati za Kiarabu. Basi namwita kwa barua hii: Mama! Aniitikie kwa mkono wake, neno moja tu, Naam, kwenye kikaratasi, ukitie ndani ya barua yako. Nikiiona, nitakaa. Nisipoiona, nitajua waya umekatika.

Mdogo wako,
Mwanakheir


Mkunazini
8 Juni 1970

Ndugu yangu Mwanakheir,

Salaam nyingi, na kabla hujafanya lolote soma mpaka chini. Ndani ya barua hii hamna kikaratasi. USIJE. Mama yu mzima, na leo kanigombeza mara mbili kabla ya chai. Kikaratasi hamna kwa sababu kakataa.

Nimemsomea barua yako yote. Kajifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha kasema, "Kaniita mara ngapi?"

"Mara moja, Mama. Hii hapa."

"Basi. Mtu haitiki mwito wa kwanza."

"Mama, huyo ni Mwanakheir!"

"Unamwona? Mimi simwoni. Nasikia jina langu linaitwa kutoka ng'ambo ya maji na mtu simwoni. Aite tena, na tena. Ya tatu nitaitika."

Nimecheka, kisha nimeacha kucheka, na nitakwambia kwa nini. Katika yale masanduku kuna vidude vya kugeuza kwa bisibisi: sanduku lingoje muda gani kabla ya kuita kituoni, kengele ilie mara ngapi, na isipoitikiwa irudie au inyamaze. Kule kituoni pana mkono wa kuzungusha. Askari akisikia kengele anauzungusha, na huku bohari taa inawaka, maana yake nimesikia, nakuja. Kitabu kina neno refu kama treni kwa jambo hilo. Mimi nimeliita kuitika.

Siku ya kujaribu nilikuwa bohari na Mzee Simai, mtunza bohari. Nikaufungua mlango. Kimya. Taa haikuwaka. Nikapanda baskeli mpaka kituoni na tumbo langu hili, nikamkuta koplo mmoja kijana wa Tumbatu, jina lake Mcha, kakaa wima mbele ya kengele kama anailinda isiibiwe.

"Koplo, haikulia?"

"Imelia."

"Mbona hukuitika?"

"Imeita mara moja, Bwana Miraji. Na ndiyo kwanza magharibi inaingia."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi niliona haya kucheka, maana wewe na mimi tumelelewa hivyo hivyo. Jua la utosi au magharibi, ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, usiitike mwito wa kwanza wala wa pili. Kisichokuwa mtu hakiwezi kuita mara tatu. Basi nikarudi na bisibisi yangu, nikaiweka kengele iite, ingoje, iite, ingoje, iite tena. Sasa koplo Mcha anaitika kama risasi. Mkuu wangu kaniuliza kwa nini tunapoteza wakati wote huo kabla polisi hawajainuka. Nikamwambia kitabu ndivyo kisemavyo. Na yeye Kijerumani hakijui.

Mama kisa hiki kimempendeza. "Kijana huyo," kasema, "ana mama."

Mwite tena.

Miraji


Tanga
30 Juni 1970

Kaka, shikamoo.

Mzigo nilikuwa nshaufunga. Masoud alikaa mlangoni na Shemsa mapajani, anamfundisha kuhesabu vidole, vile vile, tena na tena. Barua yako ikaingia, nikaufungua.

Mwambie Mama amenitia maradhi ya moyo na dawa hana. Mwambie pia wifi Biasha amchekee kwa niaba yangu.

Mama! Hii ya pili.

Mwanakheir


Tanga
25 Julai 1970

Mama! Mimi ni mtu. Ya tatu.

Mwanakheir


Mkunazini
3 Septemba 1970

Ndugu yangu Mwanakheir,

Assalaam alaykum warahmatullah. Fungua kwanza hicho kikaratasi, kisha urudi kwangu.

Umekiona? Kutwa nzima tumekifanyia kazi. Kalamu ya risasi kaikataa, ya wino ya kizungu kaikataa, Biasha kaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuazima kalamu ya mwanzi. Kisha mkeka. Kisha udhu. Kisha mimi nigeuke ukutani kwa sababu namtia kiwewe. Tazama ile herufi ya ain alivyoizungusha kama kishikio cha kikombe, na mkia wa mim kaushusha mpaka pembeni mwa karatasi. Nikamwambia, "Mama, mkia wa nini mrefu hivyo?" Kasema, "Unakwenda Tanga huko. Una safari."

Na katoa hukumu yake, nami naiandika kama mahakama: kila ukimwita mara tatu ataitika mara moja. Barua ya kwanza na ya pili usingoje kitu. Ya tatu, Naam. Sheria hiyo haina rufaa. Nimejaribu.

Kengele ya bohari inakwenda vizuri, yaani ilikuwa inakwenda vizuri mno. Wiki nzima kule kituoni taa inawaka, salama, salama. Juzi nikapita kwa Mzee Simai kumjulia hali nikamkuta kakaa kwenye kiti, mlango wa bohari wazi kama mdomo, upepo unaingia, anakunywa kahawa. Nikaruka. Kumbe kachukua karatasi ya kung'ara ya pakiti ya sigara, kaikunja, kaibandika katikati ya vile vibati viwili. Umeme unapita juu ya karatasi. Mlango wazi, na kule polisi wanaona umefungwa.

"Mzee Simai, unafanya nini?"

"Joto, mwanangu. Kwani taa si inawaka?"

Nikaibandua ile karatasi nikaitia mfukoni. Mafundi wa simu hapa mambo hayo tunayaita daraja. Waya uliokatika unautilia daraja, na wa upande wa pili hajui kitu. Usiku sikulala kwa kufikiri. Kengele niliyojivunia kuwa haiwezi kusema uongo, mzee mmoja kaifundisha kwa pakiti ya sigara.

Mama kanichekea mpaka kikohozi kikampanda. Kitufe chake nimekiondoa, maana tasbihi imekizidi nguvu. Badala yake nimeweka vibati kwenye dirisha lake, hivi vinagusana likifunguliwa. Akilifungua asubuhi, taa inawaka ukumbini kwangu. Isipowaka, navuka uchochoro. Kaniuliza, "Ndiyo umenifanya bohari?" lakini dirisha analifungua.

Ndugu yako mwenye Kijerumani chake,
Miraji


Tanga
14 Juni 1971

Kaka Miraji, shikamoo.

Tunaendelea vizuri, alhamdulillahi. Masoud kapewa fulana ya unahodha wa timu ya wazee. Hija kamaliza skuli kwa alama za wastani, na anasema wastani ndio sunna. Shemsa kapoteza jino na kalipanda mchangani liote.

Naam za Mama naziweka ndani ya msahafu. Za tangu mwaka jana, na sheria haijavunjwa hata siku moja. Barua ya kwanza kapa, ya pili kapa, ya tatu Naam. Nshaizoea hata naipenda. Nikitia barua posta naijua hii ni ya kungoja, hii ya kungoja, hii ya kuitikiwa. Hii nnayoandika sasa ni ya kwanza baada ya Naam iliyokuja kabla ya masika. Kwa hiyo sitarajii kitu, usimsumbue. Nimeita tu: Mama!

Ila wewe, Kaka, umekuwaje? Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari michache na hamna hata tusi moja kwa mkuu wako. Mzee Simai hajambo? Koplo wako? Umeacha kunicheka. Ukiacha kunicheka mimi nasikia baridi.

Nimekwenda tena kuuliza habari ya safari. Kalamu bado inatafutwa.

Mwanakheir


Mkunazini
9 Julai 1971

Ndugu yangu Mwanakheir,

Salaam zako zimefika kwa wote. Wifi yako yupo. Kazi ipo, wamenipa bohari nyengine, ya nguo. Koplo Mcha kapata cheo. Mzee Simai anakusalimu ingawa hakujui.

Mama anaitika, kama uonavyo. Kikaratasi kimo ndani.

Usisumbuke na habari ya safari. Kaa na watoto.

Miraji


Tanga
1 Agosti 1971

Kaka Miraji,

Naam nimeipata.

Nimekaa nayo siku kadhaa sikumwambia mtu. Masoud kaniuliza mbona siiweki na zenzake, nikasema wino haujakauka.

Kaka, nilimwita mara moja.

Mama hajapata kuitika mwito wa kwanza. Hakumwitikia hata marehemu Baba. Wewe mwenyewe umeniandikia kuwa sheria haina rufaa. Na mkia wa mim umeishia njiani, haukufika pembeni. Mkia huu haukuwa na safari.

Umenifundisha mwenyewe kwa kisa cha Mzee Simai. Taa inawaka, na mlango wazi.

Mama yu wapi?

Mwanakheir


Mkunazini
20 Agosti 1971

Ndugu yangu, mdogo wangu, Mwanakheir,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yetu hatunaye. Kafariki mwezi wa Juni, barua yako ikiwa bado njiani. Tumemzika karibu na Baba, na aliyemtia mwanandani ni mimi, na udongo ulikuwa mwepesi, alhamdulillahi.

Sasa nitakwambia yote, na sitakuwa fundi wa kuficha, maana umeona mwenyewe kiwango changu.

Siku moja katika masika ilinyesha mvua ya kuziba masikio. Mji mzima umefunga madirisha. Mimi nimekaa ukumbini namlaumu mkuu wangu kwa Biasha, mara Biasha akanikatiza: "Mume wangu, taa ya Mama inawaka." Nikamwambia, si vizuri? Akasema, "Na mvua hii, dirisha kalifungua la nini?" Nikatazama ng'ambo. Dirisha lilikuwa limefungwa kabisa, na taa yangu inawaka.

Nikavuka bila ya viatu. Mama yuko kitandani, miguu imejaa maji, pumzi inakuja kwa kuomba ruhusa. Na katikati ya vibati vya dirisha pana karatasi ya kung'ara ya pakiti ya chai, imekunjwa vizuri kuliko ile ya Mzee Simai. Siku kadhaa alikuwa hawezi kuinuka, nami nikiiona taa nilitosheka, sikuvuka. Alimtuma mtoto wa jirani amwekee, akamwambia ni dawa ya kutu.

"Mama, umefanya nini?"

"Daraja," kasema. "Si ndivyo mnavyoita?"

Daktari kaja, kafanya alichoweza. Nikasema namwandikia Mwanakheir leo hii. Mama akanishika mkono, na mkono ule uliovunjika ulikuwa na nguvu siku ile kuliko wangu.

"Akija, watamwachia arudi?"

Nikaanza kumpangia mto.

"Nakuuliza wewe, fundi. Watamwachia?"

"Sijui, Mama."

"Basi mimi najua sijui yako. Mimi nimezaa mtoto wa kuitwa kwa barua. Sitaki Shemsa naye aitwe kwa barua. Niletee kalamu."

Akaandika. Akapumzika, akaandika. Siku nyengine akaandika tena, Biasha kamshikia mgongo. Vikaratasi, Mwanakheir, kila kimoja Naam moja, mpaka wino wa mwalimu wa chuo ukaisha. Akanikabidhi kwenye kitambaa. "Kila akiita, mwitikie. Mpaka watoto wakue." Nikamwapia. Wewe ungefanya nini? Nikamwapia.

Siku yake ilikuwa asubuhi ya kawaida. Biasha anamlisha uji, mimi nipo mlangoni nimechelewa kazini, nabishana naye habari ya kofia yangu kuwa chafu. Akaacha kubishana. Akageuza uso dirishani kama mtu aliyesikia kitu kwa jirani. Akasema, "Naam."

Hakuna aliyemwita, ndugu yangu. Mimi sikumwita, wala Biasha. Hatukusikia kitu. Lakini yeye kaitika mara moja, upesi, kama mtoto aliyekuwa akingojea kuitwa ndani. Na hakuongeza neno.

Barua yako ikaja baada ya matanga. Nikaisoma, "Mama!", nikatoa kikaratasi cha juu nikakitia ndani ya bahasha nikakipeleka posta. Sheria ya mara tatu sikuikumbuka. Au niliikumbuka na mkono wangu ukakataa kuikumbuka. Nimejiuliza kila siku. Najua tu nilipokuwa narudi kutoka posta nilitembea kama aliyeacha mlango wazi.

Nshamwapia Mama kuwa kila ukiita nitakuitikia kwa hivi. Kwa hiyo kiapo chake nakitimiza leo chote kwa mara moja. Kitambaa chenyewe nimekishona ndani ya mfuko wa barua. Vyote vimo, sikubakisha kimoja. Vya mwanzo mikia yake inafika pembeni. Vya mwisho usitazame mkia, tazama kuwa ameandika.

Usije, Mwanakheir. Sasa hili nakuomba mimi, si yeye. Hapa pana kaburi na kaka mzee asiye na meno, na vyote viwili vitakungojea.

Waya wa dirisha sijauondoa.

Miraji


Tanga
12 Septemba 1971

Kaka Miraji, shikamoo.

Tumesoma khitma. Majirani wamejaa mpaka barazani, wengi hawakumjua Mama, wamekuja kwa sababu mimi namjua. Masoud alitaka kuzungumza akashindwa, akaenda kugawa haluwa.

Nimevipanga vikaratasi juu ya mkeka, cha kwanza mpaka cha mwisho. Shemsa kakaa navyo. Nikamwambia bibi yako ndiye aliyeandika. Akaniuliza vinasema nini. Nikamwambia. Sasa anapita juu ya mkeka anaita "Bibi!" kisha anaokota kimoja. Simkatazi. Sikumwambia habari ya mwito wa tatu.

Nilikukasirikia, Kaka. Nitakukasirikia tena, nadhani, siku nyengine, wakati wa kufua au wa kupika. Ulininyima jeneza. Lakini jana usiku Hija kanishika bega akasema, "Mama, ungeondoka, ungerudi?" nami nikaanza kutafuta kalamu kama yule bwana.

Ila mimi bado nataka waya. Siwezi kukaa ng'ambo hii ya maji bila ya taa ya kutazama. Kwetu huko umebaki wewe tu, moyo wako najua si mzuri, Biasha kanidokeza kidogo katika salamu zake, na barua zako, hata kama umezishona kwa kitambaa, ni zile zile za "hajambo."

Kwa hiyo sasa nakuita wewe. Na sheria ya Mama mimi siifuati. Sina subira ya kwanza wala ya pili. Nakuita mara moja, na usiniitikie kwa posta ya kungoja wiki.

Kaka Miraji!

Mwanakheir


SIMU YA UPEPO
Kutoka Unguja, 23 Septemba 1971

MWANAKHEIR MASOUD KARAKANA YA RELI TANGA
NAAM
MIRAJI